Siku Arobaini na Moja

Zamani tasnifu zilikuja kwa miguu.
Zilikuja ndani ya kaveera,
kona zimeloa mvua ya Arua,
zikakaa nyuma ya mlango wangu juu ya kiti kibovu,
na aliyezileta akakaa nje, kwenye benchi,
akisoma kikaratasi nilichobandika:
*Nimetoka kidogo. Narudi sasa hivi.*
Hiyo sasa hivi yangu, Mungu anisamehe,
mara nyingine ilimaliza muhula.

Hapakuwa na wa kuhesabu.

Leo yupo. Nikifungua tu, kabla sijavua koti,
mfumo unanisalimu kwa jina na cheo,
kisha, bila haya, kwa herufi nyekundu:
*Driciru Gloria. Sura ya Nne.
Inasubiri msimamizi. Siku 41.*
Haupigi kelele. Hauna mkono wa kubisha hodi.
Unahesabu tu, kama mwenye duka
asiyetaja deni lako mbele za watu
ila daftari ameliacha wazi.

Niliuchukia, nakiri.
Nikasema umeme, na kweli umeme ulikatika.
Nikasema mtandao, na kweli mtandao ulisuasua.
Nikasema nina wanafunzi kumi na tisa na macho mawili.
Visingizio vyangu vyote vilikuwa vya kweli,
ndio ubaya wake.

Juzi, saa nane usiku, usingizi umenitoroka,
nikaifungua hiyo Sura ya Nne.
Visima thelathini na sita vya pampu, Maracha hadi Koboko,
kila kimoja na picha yake, na saa, na nukta yake kwenye ramani:
hiki mpini umevunjika,
hiki maji yake yana kutu,
hiki wanawake wamekifunga kwa mnyororo wa baiskeli
na ufunguo anao bibi mmoja, Eyotaru.
Nikaandika pembeni: *Mbona bibi huyu hayumo kwenye jedwali?*
Sikutegemea jibu. Chini ya maneno yangu
vinukta vitatu vikaanza kurukaruka.

*Mwalimu, hujalala?
Jedwali lina safu za pampu tu.*

*Ongeza safu.*

*Asante. Bando la usiku ni rahisi,
ndiyo maana niko macho.*

Miaka ishirini na sita nafundisha,
sikuwahi kujua bei ya usiku.

Kukicha, mashine ya kukagua wizi ikaleta ripoti.
Asilimia nne. Safi.
Lakini ukurasa wa shukrani uliwaka wote:
*Namshukuru mama yangu, aliyeuza mihogo ili mimi nisome.*
Maneno haya, ikasema mashine, yanafanana na mengine:
tasnifu kumi na nne katika ghala letu,
za uuguzi, za kilimo, moja ya hesabu.
Nikazifungua moja moja, huku kazi zikiningoja.
Mihogo. Mihogo. Samaki wakavu. Mihogo.
Mkaa. Mihogo.

Mashine haikukosea.
Ya kumi na tano tu ndiyo haikuiona:
ilipigwa kwa taipu mwaka wa tisini na mbili,
nakala ya kaboni, imo kabatini kwangu, mchwa wameionja,
na mama huyo aliuza simsim.

Palikuwa na visanduku viwili:
*Mwanafunzi arekebishe. Msimamizi ameruhusu.*
Nikabofya.
Nyekundu ikawa kijani, siku zikarudi sifuri,
halafu, maana deni halina likizo,
jina la pili likapanda juu:
*Adriko Swaibu. Sura ya Kwanza. Siku 38.*

Benchi bado lipo. Walikuja kuliondoa, nikakataa.
Asubuhi hii nimemkuta kijana amelikalia,
nikamfungulia mlango, karibu ndani, nikasema, karibu.
Akainua simu, waya umechomekwa ukutani:
Hapana, mwalimu.
Mimi nimefuata umeme tu.